Beji Iliyoombewa

Kwa mwezi mzima nyumba ya Nguma pale Mishomoroni ilikuwa vitani kwa sababu ya vibanio vya nguo, na siku mbili kabla ya mkutano mkuu wa walimu hapakuwa na dalili yoyote ya amani.

"Mama Kai, shuka hii naianika na nini?" aliuliza Bi Sidi, mama yake Nguma, akiwa amesimama mlangoni na shuka inayochuruzika maji. "Na mate?"

"Iwekee jiwe ukutani, Mama," alijibu Dorcas bila kuinua macho.

"Jiwe niliweka jana. Upepo ulipokuja, leso yangu ilikwenda kwa Gladys hapo jirani, na jiwe likamwangukia kuku wake. Kuku yuachechemea hadi sasa, na Gladys hanisalimii."

Dorcas alimwomba radhi mama mkwe wake, kisha akaendelea na kazi. Alikuwa mezani anaandika silabi kwa rangi nyeusi juu ya vifuniko vya mikebe ya mafuta ya kupikia: BA, BE, BI, BO, BU. Alikuwa mwalimu wa Gredi ya Kwanza katika shule moja ya msingi huko Changamwe, nyuma ya matangi ya mafuta, na darasani kwake palikuwa na watoto themanini na sita na vitabu kumi na tisa. Vitabu vilipomshinda kugawa, alifunga kamba ya kuanikia nguo kutoka dirishani hadi mlangoni, na watoto wakawa wanaanika maneno. Aliyetaka kuandika mama alichukua MA mbili, akazibana kambani, akasoma. Kufikia muhula wa pili watoto wote walikuwa wanasoma isipokuwa wanne, na hao wanne walikuwa wakitafuna vibanio. Ndiyo maana vya nyumbani viliitwa vitani.

Sasa kamba hiyo ilikuwa imealikwa mkutanoni, hotelini Nyali. Dorcas alikuwa amepewa dakika kumi kuionyesha mbele ya walimu elfu tatu, siku ya tatu ya mkutano. Lakini si kamba iliyomkosesha usingizi, ni cheti. Miaka kumi na minne alikuwa katika daraja lile lile la kazi. Mara tatu aliomba kupandishwa, na mara tatu jopo lilimuuliza kiko wapi cheti cha kuhudhuria mkutano mkuu. Hakuwa nacho, kwa kuwa kila mwaka aliyekwenda ni Bwana Mwangi, mwalimu mkuu, naye alirudi na kofia mpya na kitambi kikubwa zaidi. Mwaka huu waandaaji waliagiza kila shule ilete na mwalimu wa madarasa ya chini, na Bwana Mwangi akamwandika Dorcas shingo upande. Jopo lingine lilikuwa Jumanne ijayo. Akilikosa hilo, angengoja miaka mitatu mingine.

"Yaani kuwaimbisha watoto na kuwafuta kamasi kwataka mkutano?" alisema Bi Sidi, akiikamua shuka mlangoni. "Mimi nililea saba. Sikuitwa hata kikao cha wadi."

* * *

Siku ya kwanza Dorcas alifika Nyali kabla ya walinzi kumaliza chai yao. Walimu wa bara walikuwa wamemiminika kwa treni na mabasi, wamevaa kofia za ukili na miwani ya jua, wengine na kaptura za kuogelea ndani ya mkoba wa vitabu. Langoni alivalishwa beji shingoni. Haikuwa na picha, ilikuwa na jina lake kwa herufi kubwa na mistari myeusi chini yake. Mlinzi akaisogezea kimashine, kikalia ti!

"Karibu, Mwalimu Dorcas," alisema mlinzi. "Usiipoteze. Isipolia siku zote tatu, cheti hakuna."

Ukumbi ulimpendeza mno. Alikaa safu ya mwisho akaandika kila neno, hata matangazo ya gari lililozibia mengine njia. Saa saba wenzake walipoinuka, alitoka kimya kimya kwa nyuma, akaketi karibu na bomba la maji walipokuwa madereva wa mabasi, akafungua hotpoti yake ya muhogo wa nazi. Kwa akili yake, ada iliyolipwa na shule ilikuwa ya kiti. Chakula cha hoteli ya Nyali kilikuwa cha wenyewe.

Hapo ndipo alipofumaniwa na Phoebe, mwalimu mnene mcheshi kutoka Kakamega aliyekuwa amekaa jirani naye ukumbini.

"Madam! Unakula huku na madereva? Chakula si iko ndani?"

"Nimejibebea."

"Kujibebea aje? Hiyo imelipiwa! Kuku, samaki, nyama, matunda. Beji yako ndiyo chakula yako!"

Madereva waliacha kutafuna. Dorcas aliona uso unamwaka moto, na badala ya kusema ukweli, ambao ungechekwa kwa dakika moja ukaisha, akasema, "Ni daktari. Amenikataza vyakula vya hoteli."

Uongo huo aliulipia siku ya pili. Phoebe alimshika mkono hadi kwenye meza ndefu ya vyakula, na kila Dorcas alipomnyoshea kuku mkono, Phoebe alimzuia kwa huruma. "Huyu ni mgonjwa," aliwaambia wapakuaji kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Mpeeni viazi za kuchemsha. Bila chumvi." Dorcas alikula viazi vinne vyeupe huku Bwana Mwangi, meza ya pili, akivunja paja la kuku. Kitu kimoja tu kilimfariji: Phoebe aliijaza ile hotpoti mapaja matano. "Hii ni ya watu wako wa nyumbani, wasio wagonjwa."

* * *

Jioni ile Bi Sidi alikula mapaja mawili, akalamba vidole, akasema, "Kwani hotelini hawana chumvi?"

Kisha akainyoshea beji mkono, akaigeuzageuza. Hakuwahi kukaa darasani siku moja katika miaka yake sitini na minane, kwa hiyo alichokiona ni mistari tu, mifupi juu na mirefu chini.

"Hiki ndicho kikuingizacho?"

"Ndicho, Mama. Bila hiki siingii hata nikilia."

"Kimeombewa?"

"Kimefanywa nini?"

"Kesho wasimama mbele za watu, na chombo chako hakijaombewa? Nyumba hii tuliiombea. Pikipiki ya Nguma tuliiombea."

"Na ikaibiwa," alisema Nguma, aliyekuwa anafunga viatu aende zamu yake ya usiku kwenye yadi ya makontena Changamwe.

"Iliibiwa kwa sababu ulikataa kuipaka mafuta. Ulisema itateleza."

Dorcas alicheka, akaitundika beji msumarini kando ya kalenda, akaenda kuhesabu vifuniko vyake. Watoto walikuwa Kaloleni kwa likizo na nyumba ilikuwa kimya. Bi Sidi alibaki anautazama ule msumari.

Ukweli ni kwamba Bi Sidi alimpenda mkaza mwanawe, ila hakuwa na desturi ya kumwambia. Alichojua kumfanyia mtu anayempenda ni mambo mawili, kumkosoa na kumwombea. Kumkosoa alikuwa amemaliza kwa siku hiyo. Basi saa kumi na moja alfajiri alipoamka kwenda ibada ya asubuhi, kanisani pale pale Mishomoroni, aliivaa beji shingoni, akajifunika leso, akatoka. Hesabu zake zilikuwa nzuri. Ibada huisha saa kumi na mbili, na Mama Kai siku zote mbili aliondoka saa kumi na mbili u nusu. Angeirudisha msumarini hata kabla chai haijachemka.

Hakujua kwamba watakaopanda jukwaani siku hiyo walitakiwa kufika mapema zaidi. Tena hakujua kwamba mchungaji naye angevutiwa. Aliipaka beji mafuta mbele na nyuma, akaiombea dhidi ya adui wa ndani na wa nje, akauombea utepe wake peke yake, na waumini walipoona jambo linakwenda vizuri, mmoja akatoa leseni ya mwanawe, mwingine akatoa bili ya maji. Ibada iliisha saa moja kasoro.

Wakati huo Dorcas alikuwa amekwisha kupindua godoro, kukung'uta kalenda, kupekua unga na kuchungulia chini ya jiko. Hakumshuku mama mkwe hata kidogo. Mama mkwe alikuwa kanisani. Saa kumi na mbili na robo alitoka mbio, begi la vifuniko bega moja, hotpoti mkononi kwa mazoea, machozi yanamtiririka.

* * *

"Beji," alisema mlinzi.

"Ndugu yangu, imepotea. Lakini wanijua. Jana uliniambia kiatu changu kimefunguka."

"Namjua mwenye beji. Wewe huna. Nenda dawati la usajili wakuandikie nyingine."

"Dawati liko wapi?"

"Ndani."

"Basi niruhusu niende."

"Ndani hapaingiwi bila beji."

"Mtu anisindikize!"

"Asindikizwe nani, madam? Asiye na beji hasindikizwi."

Walimu walipita pembeni yake, ti! ti! ti!, wakimtazama kama wanavyomtazama mwanafunzi aliyefukuzwa kwa kukosa karo. Kisha akaja Bwana Mwangi, shati la maua, simu sikioni. Dorcas karibu ampigie magoti.

"Bwana Mwangi, mwambie mimi ni nani!"

Bwana Mwangi alimwangalia mlinzi, akaangalia ndani ambako harufu ya soseji ilikuwa inapungua. "Huyu ni mwalimu wangu, ndiyo," alisema. "Lakini sheria ni sheria, Madam Dorcas. Sisi walimu tukizivunja, watoto watafanyaje?" Kimashine kikalia, naye akapita.

Dorcas alisimama palepale. Aliona miaka mitatu mingine imejipanga mbele yake, na mwisho wake jopo lile lile linauliza swali lile lile. Mlinzi naye alianza kumwonea huruma, akatazama hotpoti.

"Hebu, kwani hiyo ni nini? Kama wewe ni wa chakula, si mlango wako huu. Wa chakula huingilia jikoni, nyuma."

Dorcas alifungua mdomo kukana, akaufunga, akazunguka nyuma.

Mlangoni mwa jikoni kijana mmoja mrefu alikuwa anapokea magunia ya vitunguu. Alipomwona tu, aliliacha gunia likaanguka.

"Shikamoo, Mwalimu Dorcas!"

Dorcas alimtazama kwa muda. Mtu anayefundisha Gredi ya Kwanza hukutana na nyuso zake kila mahali, ila zimeota ndevu. "Marahaba. Chrispine? Wewe bado waandika S kinyumenyume?"

"Hadi leo, Mwalimu. Lakini nafunga kamba za viatu vizuri. Wewe ndiwe uliyenifunza."

Dakika mbili zilitosha kumweleza yote. Chrispine alimpa aproni nyeupe na kofia ya wavu, kwa kuwa jikoni hapapitwi bila hivyo, akampitisha kati ya masufuria hadi ukumbini, kwenye meza ya birika za chai.

"Subiri hapa mpaka wakuite, Mwalimu. Ukisogea bila beji watakutoa kabla hujafika hata dawatini. Akija mtu, mmiminie."

Basi Mwalimu Dorcas, aliyekuwa na dakika kumi za jukwaa, alianza siku yake kwa kuwamiminia walimu chai. Phoebe alipita, akachukua kikombe, akashukuru bila kumtazama usoni.

* * *

Bi Sidi aliporudi nyumbani alimkuta Nguma, aliyetoka zamu wakati huo huo, amesimama katikati ya godoro lililopinduliwa.

"Tumeibiwa, Mama! Na Dorcas kanipigia simu akilia, beji haionekani!"

"Beji ni hii hapa," alisema Bi Sidi, akifunua leso. Kisha akaketi chini polepole. "Ee Mungu. Kaondoka?"

"Mama! Wajua umefanya nini?"

"Nimeombea mtu!" alifoka, na sauti ikamkatika. Nguma alijaribu kumpigia mkewe, lakini simu ilikuwa imezimwa sauti kwa adabu ya ukumbi. Akaita tuktuk, akampakia mama yake, akamwambia dereva akimbize.

Langoni Nyali Bi Sidi alikuwa amejiandaa kulia, kuomba, hata kumlaani mtu ikibidi. Mlinzi alisogeza kimashine, akaupangusa utepe uliojaa mafuta, kikalia ti!

"Karibu, Mwalimu Dorcas. Leo umechelewa."

"Mwanangu, mimi siye. Mimi namletea mkaza mwa—"

"Pita, mwalimu, pita. Wazuia foleni."

Bi Sidi akapita. Kwa haki ni lazima isemwe kwamba alipita kwa nia ya kumtafuta Dorcas, na kwamba alitafuta. Lakini kila alipogeuka, mtu aliisoma beji akamwita mwalimu. Msichana mmoja alimpa mkoba wenye daftari. Mwingine alimpa kalamu. Mwanamume mwenye tai aliinuka akampisha kiti safu ya tatu, akamuuliza, "Mwalimu, huko kwenu wingi wa wanafunzi mnaumudu vipi?" Bi Sidi akamjibu kwamba yeye alilea saba na dawa ni kuwaamsha mapema. Mwenye tai aliandika jibu hilo. Bi Sidi akaangaza macho kushoto na kulia kumtafuta mkaza mwanawe. Mezani penye birika hakuangalia, kwa kuwa hakutarajia kumwona Mama Kai akimimina chai bila kuambiwa.

* * *

Saa nne Bwana Justus, katibu wa mkutano, mtu mwembamba aliyependa sana ratiba, alisimama jukwaani na kutangaza: "Sasa tumkaribishe Mwalimu Dorcas Nguma, kutoka Changamwe!"

Dorcas aliweka birika chini, akanyakua begi lake, akakimbia. Na safu ya tatu, yule mwanamume mwenye tai aliisoma beji ya jirani yake, akapiga makofi, akamwinua kwa kwapa. "Ni wewe, mwalimu! Usiogope!" Msichana wa kuongoza wageni akaja akamshika mkono wa pili.

Wakakutana kwenye ngazi za jukwaa, mmoja na aproni na kofia ya wavu, mwingine na leso na beji.

"Mama!" alisema Dorcas.

"Mama Kai! Wapika hapa?"

Kipaza sauti kilikuwa karibu, na ukumbi ukasikia. Walimu elfu tatu, waliokaa siku tatu wakisikilizishwa takwimu, walipata walichokuwa wanakihitaji. Walicheka, wakagonga meza, wakasimama kwenye viti wapate kuona. "Dorcas ni nani?" alipiga kelele Bwana Justus. "Ni huyu!" alisema msichana, akionyesha beji. "Ni huyu!" alilia Phoebe kutoka nyuma, akimwonyesha aliyemmiminia chai. "Ndiye yule mgonjwa!" Bwana Mwangi aliinama kutafuta kitu chini ya meza, na hakukipata kwa muda mrefu. Katibu aligonga kipaza sauti, akaomba utulivu kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, na kelele zikazidi.

Dorcas alijua kelele hiyo. Aliisikia kila Jumatatu asubuhi. Alisogea ukingoni mwa jukwaa, akakiacha kipaza sauti, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Anayenisikia aguse pua."

Safu ya kwanza waligusa, kwa mazoea ya kazi. Safu ya pili waliona ya kwanza imegusa.

"Anayenisikia aguse sikio."

Ya tatu, ya kumi, ya ishirini. Kimya kilitembea hadi mlangoni. Walinzi waligusa. Mgeni wa heshima, mkurugenzi kutoka Nairobi, aligusa sikio akasahau kuushusha mkono. Bwana Justus naye alikuwa ameshika lake, ratiba kwapani.

"Ahsanteni," alisema Dorcas. "Mimi ndiye Dorcas. Huyu ni mama yangu. Beji ilikwenda kuombewa."

Hakuna aliyecheka, maana wengi wao walikuwa na mama. Dorcas akafunga kamba kutoka mguu wa spika hadi kwenye meza ya mgeni wa heshima, akamwaga vifuniko na vibanio.

"Ndivyo vibanio vyangu hivi!" alisema Bi Sidi.

"Ndivyo, Mama." Dorcas akageukia ukumbi. "Nilikuwa nimepanga kumwomba Mwalimu Phoebe ajifanye mtoto wa Gredi ya Kwanza—"

"Ajifanye wa nini, nami niko?" Bi Sidi alikuwa amekwisha kusogelea kamba. "Mimi sijifanyi. Mimi sijui hata moja."

Alilisema hilo karibu na kipaza sauti, na likaenda hadi ukuta wa mwisho. Dorcas aliona aibu, si yake, ya mama mkwe wake, aliyekuwa akijidai kanisani kila Jumapili kwa kushika Biblia wazi. Na hofu ikamshika pia. Dakika zilizobaki zilikuwa sita. Ikishindikana, wangeanguka wote wawili mbele ya watu elfu tatu.

"Mama," alinong'ona, "si lazima."

"Muda wakwisha, Mwalimu," alisema Bi Sidi.

Miaka kumi na sita ya kuishi naye, hakuwahi kumwita hivyo. Dorcas akachukua vifuniko viwili.

"Hiki chasema si. Sema."

"Si."

"Kitafutie mwenzake hapo chini."

Bi Sidi aliinama, akaviangalia vifuniko kama anayechagua nyanya, akaacha viwili, akachukua cha tatu. Kilikuwa SI. Akakibana kambani kwa pigo moja, maana kwa kubana hakuwa na mpinzani.

"Na hiki chasema di."

Alikosea mara mbili. Alichukua DA, akachukua BI, akasonya, na watu wakashusha pumzi pamoja naye. Mara ya tatu aliweka DI kando ya SI, akarudi nyuma hatua moja.

"Sasa soma ulichoanika, kutoka huku kwenda huku."

"Si," alisema Bi Sidi. Akasogeza kidole. "Di." Akaitazama kamba. "Si... di. Sidi." Akamgeukia Dorcas, macho yamemtoka. "Sidi ni mimi! Ndivyo nilivyo hivi?"

"Ndivyo ulivyo, Mama."

Kelele iliyofuata haikunyamazishwa na pua wala sikio. Phoebe alikuwa analia kwa sauti. Na Dorcas alilia pia, hadharani, akijifuta kwa aproni ya hoteli.

* * *

Jioni, kwenye meza ya vyeti, Bwana Justus alikuwa amerudiwa na ratiba yake.

"Mashine inaonyesha Dorcas Nguma aliingia saa moja na dakika arobaini na saba," alisema, akifuta vidole vyake vilivyopata mafuta ya beji. "Lakini aliyeingia si wewe. Wewe uliingia kinyume cha utaratibu. Cheti hiki siwezi."

Nyuma ya Dorcas foleni ilisogea karibu isikie. Bi Sidi akaweka mkoba wake wa mkutano juu ya meza.

"Mwanangu, beji iliingia, haikuingia?"

"Iliingia, lakini—"

"Na mwenyewe alikuwa jukwaani, hukumwona?"

"Nilimwona."

"Uligusa pua, hukugusa?"

Bwana Justus aliangalia foleni. Watu wote wa foleni walimwangalia yeye.

"Niligusa," alisema.

"Basi mpe mwenzio cheti chake, watu wakale."

Akampa.

* * *

Nyumbani jioni hiyo cheti kilipita mkono kwa mkono, kuanzia Nguma hadi Gladys na kuku wake anayechechemea, kisha kikaishia mapajani mwa Bi Sidi. Alikaa nacho muda mrefu, kidole kikipita chini ya mistari. Dorcas alikuwa anapanga nguo atakazovaa Jumanne mbele ya jopo, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne hakuwa na wasiwasi na swali lao.

"Mama Kai! Njoo uone! SI yangu ni hii!" Kidole kilikuwa juu ya neno MSINGI. "Na DI yangu ni hii huku!" Kilikuwa juu ya GREDI. "Jina langu wamelitia, ila wameligawanya."

"Si jina lako, Mama. Ni—"

"Beji ililia kwa nani?"

Dorcas akakubali. Bi Sidi akaondoka, akatoka nje kwenye shuka alizozianika kwa vibanio vyake mara tu walipofika, na baada ya muda akarudi na vibanio hivyo viganjani na kamba mpya ya katani. Akaifunga kutoka kwenye msumari wa kalenda hadi kwenye kitasa cha mlango.

"Nguma huandikwaje?" aliuliza. "Na Kai? Na Kaloleni? Leta hivyo vifuniko."

Walikuwa wamefika kwenye Kai, Nguma amekaa chini akishika vibanio na zamu yake imekaribia, Gladys alipoita kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Mama Nguma! Shuka zenu zote zimerukia huku! Moja imemfunika kuku!"

Bi Sidi hakugeuka. Alikuwa ameshika KA kwa mkono mmoja na I kwa mkono wa pili.

"Ziache huko huko!" alijibu. "Tuko darasani!"